Alama za Mtihani na Maana Yake: Funzo la Malangali

Mwaka 1928 ilifunguliwa shule ya serikali huko Malangali, katika nyanda za juu za Iringa. Mkuu wake, W. Bryant Mumford, aliwakusanya hapo wavulana wa Kihehe, Kibena na Kisangu, hawa wa mwisho wakitoka Usangu, ambayo leo ni sehemu ya Mkoa wa Mbeya. Alitaka elimu ya darasani isiwatenge na mila zao; basi wazee walikaribishwa shuleni, na ngoma na kutupa mikuki vikawa na nafasi yake.

Zama hizo mitihani ya akili ilikuwa ikienea duniani. Alfred Binet alitunga wake mjini Paris mwaka 1905, ili kuwatambua watoto waliohitaji msaada shuleni. Lakini wengine waliugeuza kuwa mizani ya kupimia mataifa. Mwaka 1938 Mumford mwenyewe, pamoja na C. E. Smith, alichapisha makala juu ya ulinganishaji huo.

Ama alama peke yake haisemi kitu. Mwanafunzi apataye 60 hajulikani kuwa amefanya vyema au vibaya, mpaka ujulikane wastani wa wenziwe na kadiri alama zao zilivyotawanyika. Wastani ukiwa 50 na mtawanyiko 5, amezidi wastani kwa hatua mbili za mtawanyiko. Na alama zikipangika kwa kawaida, yaani nyingi katikati na chache pembeni, amewashinda kama 98 katika kila 100. Mtawanyiko ukiwa 20, amezidi kwa nusu hatua tu, na aliowashinda ni kama 69.

Alama, basi, ni ulinganifu, na ulinganifu wataka watu walioulizwa jambo moja. Mtoto aliyelelewa kwa Kihehe au Kisangu, akiulizwa kwa Kiswahili au Kiingereza, hupimwa lugha kwanza ndipo apimwe akili. Na wastani, hata ukikokotolewa kwa uangalifu, hauwezi kuyatenga mawili hayo. Tena neno akili lenyewe, lenye asili ya Kiarabu, kwa Mswahili lakusanya pia busara na utambuzi wa lipasalo, mambo ambayo mtihani wa kupanga maumbo hauyagusi.

Kwa hiyo msomaji wa majedwali ya zamani, akikuta wastani wa kabila au taifa, yampasa aulize: ni kundi gani lililofanywa kipimo, na watahiniwa waliulizwa kwa lugha gani? Jedwali lisilojibu hayo halitoshi kuwahukumu watu wa Iringa wala wa Usangu.