Alishinda Mbio Zote, Ubingwa Ukaenda kwa Mwingine

Hebu piga hesabu hii. Uko fainali ya dunia. Unakimbia mara 5 na mara zote 5 unamaliza wa kwanza. Halafu matokeo yanasomwa, kumbe wewe ni nambari 3. Utakubali?

Hayo yalimpata Bluey Wilkinson wa Australia, uwanjani Wembley, London, tarehe 10 Septemba 1936. Ilikuwa fainali ya kwanza ya dunia ya spidwei: pikipiki hazina breki, gia ni moja, wasee wanne wanazunguka uwanja mara 4 na kona wanazikata wakiteleza. Wa kwanza anapata alama 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho anarudi mikono mitupu. Waliofuzu walikuwa 16, na ratiba ilimkutanisha kila mmoja na wenzake wote.

Wilkinson alizoa 15 kwa 15. Shida ilikuwa mchujo. Matokeo ya mechi za kufuzu yaligeuzwa kuwa bonasi na kuongezwa kwenye alama za fainali. Wilkinson alikuja na bonasi 10, Lionel Van Praag 12, Eric Langton 13. Usiku huo Van Praag alipata 14, Langton 13. Jumlisha: wao 26 kila mmoja, Wilkinson 25. Jamaa aliyewapiga wote wawili akabaki kutazama wakienda mbio ya kuamua bingwa.

Simlaumu Van Praag. Kabla ya mbio hiyo Langton alikata utepe wa kuanzia, kosa la kutolewa nje, lakini Van Praag alikataa ushindi wa bure. Wakaanza upya, akampita Langton kwenye kona ya mwisho kabisa. Huyo ni mwanamichezo. Mbovu ilikuwa sheria.

Najua mtaniambia bonasi ilimtuza aliyefanya vizuri msimu mzima, si usiku mmoja tu. Sawa. Basi hesabuni msimu mzima na msiuite fainali. Mchujo kazi yake ni kufungua mlango. Ukishaingia, wote mko sifuri.

Wilkinson alirudi 1938 akatwaa ubingwa, bonasi zikiwa bado zinahesabiwa, tena akiendesha na mfupa wa bega uliovunjika. Fainali ya 1939 ilifutwa na vita, naye akafariki 1940 kwa ajali ya barabarani. Fainali iliporudi Wembley 1949, bonasi hazikuwepo tena. Tangu 1995 bingwa hupatikana kwa mfululizo wa Grand Prix, alama zikijumlishwa raundi kwa raundi. Hiyo naikubali, kwa sababu kila mtu anajua mapema kwamba kila raundi ina uzito.

Vitabuni bingwa wa 1936 ni Van Praag, na atabaki yeye. Lakini ukiniuliza nani hakushindwa na mtu usiku ule Wembley, jibu ni moja tu: Wilkinson.