Saa, Ramani na Mpaka wa Gisenyi

Siku moja nilisimama ufukweni Gisenyi nikiwa na kifaa cha GPS cha mkononi nilichoazimwa na mwanafunzi mwenzangu wa Jiografia. Kioo kilionyesha 1°42′ Kusini na 29°15′ Mashariki. Kifaa hicho kilikuwa cha mjomba wake, ambaye alikitumia kuruka kwa mwavuli katika Bonde la Kerio, nchini Kenya. Nilipokirudisha, nilibaki na swali la kihistoria: watu walijuaje mahali walipo kabla ya kifaa hiki, na waliokosea hesabu walimgharimu nani?

Nianze na waruka kwa mwavuli. Katika mashindano ya masafa marefu hakuna injini. Mrukaji hutafuta hewa yenye joto inayopanda, huinuliwa nayo, kisha huteleza hadi nyingine, akipitia vituo alivyopangiwa. Zamani alithibitisha kuwa amefika kituoni kwa kupiga picha kwa kamera ya filamu, na waamuzi walizikagua jioni. Mfumo wa GPS ulikamilika mwaka 1995, lakini Marekani ilikuwa ikiivuruga kwa makusudi ishara ya kiraia, hata kosa likaweza kufika mita 100. Uvurugaji huo ulikomeshwa Mei 2000. Leo kituo huwa duara angani, mara nyingi lenye nusu kipenyo cha mita 400, na kifaa huweka kumbukumbu ya njia yote. Mrukaji asipoligusa duara, hupoteza alama zake mwenyewe.

Siri ya GPS ni saa. Kila setilaiti hubeba saa ya atomiki, na kifaa hupima muda ambao ishara imetumia njiani. Kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni sawa na mita 300. Wapelelezi wa Kizungu wa karne ya 19 nao walitegemea saa, zilizobebwa na wapagazi kwa miezi mingi na kusahihishwa kwa kutazama mwezi na nyota. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa moja. Kwa hiyo saa ikikosea sekunde 4 tu, katika ukanda wetu wa ikweta mahali panasogea karibu kilomita 2 mashariki au magharibi.

Lakini mpaka wetu haukuanza na saa mbovu. Ulianza na rula. Mnamo Agosti 1885, Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II ilitangaza mpaka wa mstari ulionyooka, kutoka ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika hadi pale ambapo mstari wa 30° Mashariki unakutana na 1°20′ Kusini. Ziwa Kivu lilikuwa bado halijulikani vizuri kwao. Ukifuata mstari huo, Gisenyi inaangukia upande wa Kongo, zaidi ya kilomita 50 kutoka mpakani.

Mwaka 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alivuka Rwanda, akakutana na Mwami Kigeli IV Rwabugiri, akafika Ziwa Kivu. Ujerumani ilipoanza kuijua nchi hiyo, ilidai mpaka ufuate ziwa na mto Rusizi. Ningetarajia kwamba vipimo bora vingemaliza ubishi. Kumbe viliuchochea, kwa sababu sasa kila dola ilijua vizuri kile ambacho ingekikosa. Ubishi ulimalizwa mezani Brussels, tarehe 14 Mei 1910, baina ya Ujerumani, Ubelgiji na Uingereza. Gisenyi ilikwenda kwa Wajerumani. Goma na kisiwa cha Idjwi, ambacho Rwabugiri alikuwa amekiteka, vikaenda kwa Wabelgiji. Hakuna mwenyeji wa ziwa hili aliyekuwa na kiti pale.

Bibi yangu anaishi Gisenyi na dada yake anaishi Goma. Kati ya nyumba zao ni mwendo wa dakika 40 kwa miguu, ukiacha foleni ya pale Petite Barrière. Nilipomweleza habari za mstari wa 1885, aliuliza, "Kwa hiyo, mjukuu wangu, wangeuacha ule wa kwanza, ningekuwa Mkongo?" Nikamjibu kwamba huenda ingekuwa hivyo. Akasema, "Na dada yangu angekuwa hapohapo alipo."

Hoja yangu ni hii. Kifaa kinajibu swali "niko wapi?" na leo kinalijibu kwa usahihi mkubwa. Hakijibu swali "hapa ni pa nani?" Mrukaji wa Kerio akikosea, hasara ni yake. Waliochora mpaka wetu walirudi makwao, na foleni wakatuachia sisi. Sisi wanafunzi wa historia tunaposoma ramani, tusiishie kuuliza kama ni sahihi. Tuulize pia nani alikuwepo ilipochorwa.