Malezi ya Muda: Jina la Mbwa Tunayemlea Asiye Wetu

Nchini Uingereza na Marekani, vituo vinavyookoa mbwa huomba familia zikae nao nyumbani kwa wiki au miezi kadhaa, mpaka apatikane wa kuwachukua moja kwa moja. Mwenye mbwa hubaki kuwa kituo, na mara nyingi ndicho kinacholipia chanjo na daktari wa mifugo. Familia hutoa pa kulala, matunzo na jicho la karibu. Waingereza huiita kazi hiyo "fostering", neno ambalo shina lake katika Kiingereza cha kale lilihusu chakula na kulisha. Sisi tuiiteje?

La kwanza kuja mdomoni ni kufuga, nalo halifai. Anayefuga anafuga chake. Kuasili nako kumeshapata kazi yake: sheria ya Tanzania hutenganisha kuasili mtoto, ambako mahakama humfanya wako, na malezi ya kambo, ambako unamtunza bila kuwa mzazi wake kisheria. Kwa mbwa, basi, kuasili kumfae yule atakayemchukua daima. Malezi ya kambo yanakaribia zaidi, ila masikioni mwa watu kambo ni habari ya ndoa, ya baba au mama aliyekuja baadaye, tena akae. Mbwa huyu anapita.

Napendekeza malezi ya muda. Wapo watakaosema kulea ni kwa binadamu, na pwani, ambako Waislamu wengi hufuata madhehebu ya Shafi na mate ya mbwa ni najisi, pingamizi litakuwa kubwa zaidi. Naliheshimu. Hata hivyo Kiswahili hulea mimba, hulea miche, hulea vipaji. Kitenzi hiki hakikufungiwa kwa mtoto wa mtu. Wahenga waliposema kuzaa si kazi, kazi kulea, walitaja uvumilivu, na ndio unaodaiwa hapa.

Tahadhari moja: tusiseme "mbwa wa uokoaji". Huyo ni yule anayenusa watu chini ya vifusi. Wetu ni mbwa aliyeokolewa.

Neno muda ndilo ninalolitetea zaidi, hasa penye watoto wadogo. Wanaofanya kazi hii huhesabu siku 3, wiki 3 na miezi 3: siku za woga, wiki za kuzoea ratiba ya nyumba, miezi ya kutulia. Hayo ni makadirio tu, lakini humkumbusha mzazi kwamba mbwa wa juzi hajajulikana bado. Mbwa aliyeelemewa hulamba midomo bila chakula, hupiga miayo bila usingizi, hugeuza kichwa, huonyesha weupe wa jicho, hukakamaa. Mtoto wa miaka 4 huona miayo, akamkumbatia. Kwa hiyo mtu mzima awepo kila wanapokuwa pamoja, na akitoka chumbani, atoke na mmoja wao. Mbwa anayekula au kulala haguswi.

Na kwetu Afrika Mashariki kuna kichaa cha mbwa. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, asilimia 40 ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto walio chini ya miaka 15. Cheti cha chanjo kitangulie mbwa kuingia mlangoni. Akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo.

Siku ya kuondoka mbwa, mtoto atalia. Atalia zaidi kama aliambiwa "tumepata mbwa". Ninyi mnaotaka kufungua mlango, mwambieni mtoto kabla mbwa hajafika, kwa maneno haya haya: si wetu, tunamlea kwa muda.