Ramani ya pango huchorwaje kwa simu na kompyuta?

Ng'ambo ya mkondo wa Pemba, kaskazini ya mji wa Tanga, yapo Mapango ya Amboni. Kwa miaka mingi watu walisimuliana kuwa njia yake ya chini kwa chini hutokea Mombasa. Mwaka 1994 wapimaji kutoka Ujerumani na Uturuki waliingia na vifaa vyao. Walikuta mapango 10, na refu kuliko yote halikuzidi mita 900 hivi. Kutoka Tanga hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 100.

Msikilizaji, ukweli huo ulipatikana kwa kupima. Vipimo hugeukaje kuwa ramani?

Ndani ya pango

GPS ya simu haisomi chini ya ardhi, kwani mawimbi ya setilaiti hayapenyi mwamba. Wapimaji huanzia mlangoni, kisha huweka alama moja baada ya nyingine hadi ndani. Kati ya alama na alama huandika mambo matatu: masafa kwa futi kamba, upande kwa dira, na mteremko kwa kipimo cha nyuzi. Pia hukadiria umbali wa kuta, dari na sakafu. Panga na simu viwe mbali na dira, maana chuma na sumaku huipotosha.

Kazi ya programu

Tuseme kutoka alama ya kwanza hadi ya pili ni mita 10, na njia inateremka kwa nyuzi 30. Programu hukokotoa kuwa umeshuka mita 5, na kwa usawa umesogea mita 8.7. Hufanya hivyo kwa kila kipande, kisha huviunganisha.

Njia ikizunguka na kurudi ilikoanzia, hesabu nayo irudi hapo hapo. Tofauti ikiwa ndogo, programu huigawa katika mzunguko mzima. Ikiwa kubwa, kuna aliyesoma au kuandika vibaya, na itabidi kupima tena.

Programu ya Survex hufanya hesabu hizo. Therion, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Martin Budaj na Stacho Mudrák wa Slovakia, huchukua mchoro wa mkono na kuunyoosha ufuate vipimo. TopoDroid hutumika kwenye simu za Android, papo hapo pangoni. Zote tatu ni za bure.

Faida kwetu

Kisiwa Panza tumeona bahari ikiingia kwenye mashamba ya mpunga, hivyo maji matamu ni ya kulindwa. Jiwe la matumbawe lina matundu, na maji hupita humo upesi bila kuchujwa vizuri. Ramani ya pango ikilazwa juu ya ramani ya kijiji, huonyesha kisima kipi na choo kipi kiko juu ya pango. Choo kikichimbwa hapo, uchafu unaweza kufika kisimani. Lakini ramani haionyeshi nyufa ndogo asizopita mtu, kwa hiyo maji yapimwe vilevile.

Kabla ya kuingia pango lolote, omba ruhusa kwa sheha na wazee wa mahali hapo. Usiende peke yako, chukua tochi zaidi ya moja, na mwachie mtu wa nje saa ya kurudi. Pango la ufukweni liangaliwe na maji ya bahari: yakianza kujaa, toka.