Samaki, Mnyoo na Barafu: Asili ya Kanuni za Kulisha Nyoka wa Kufugwa

Kanuni inayofuatwa leo na wafugaji wengi wa nyoka wanaokula samaki, ya kwamba samaki agandishwe kwanza kwa siku kadhaa ndipo nyoka apewe, haikuzaliwa katika vizimba vya nyoka. Ilikopwa vipande vipande kutoka kwa watu ambao wengi wao hawakuwa na shughuli yoyote na viumbe hao: wanafunzi wa udaktari waliokubali kumeza lava wa tegu, Waholanzi wapenda samaki mbichi, na wafugaji wa mbweha wa Minnesota. Maarifa yenyewe yalikuwapo muda mrefu kabla ya kufika kwa mwenye nyoka, na sehemu kubwa ya historia hii ni ya kuchelewa huko.

Desturi ya kufuga nyoka mbele ya macho ya watu ilipata makao yake rasmi mwaka 1849, bustani ya wanyama ya London ilipofungua jumba la reptilia, la kwanza la aina yake duniani. Miaka minne baadaye, mwaka 1853, bustani hiyohiyo ilifungua jumba la samaki, na hivyo mlaji na mliwa wakawa majirani katika uwanja mmoja. Katika karne hiyo kulisha windo hai kulikuwa sehemu ya tamasha lenyewe, nako kulitegemea imani kwamba nyoka hashawishiki ila na kitu kinachojongea. Nchini Marekani desturi iliingia majumbani kwa njia nyepesi zaidi, kupitia nyoka wadogo wa jenasi Thamnophis, wenye mistari mirefu mgongoni, wasio hatari kwa mtu, na ambao porini hula nyungunyungu, vyura na samaki. Mtoto aliyemkamata nyoka wa namna hiyo kando ya kijito hakuwa na haja ya kutafuta panya, kwa kuwa duka la samaki wa mapambo lilikuwa karibu: kilimo cha samaki wa dhahabu kilikuwa kimekwisha kuwa biashara kubwa, hasa huko Martinsville, Indiana, ambako kampuni ya Grassyfork ilianza mwaka 1899 kufuga samaki hao katika madimbwi ya wazi. Neno “wazi” lina uzito hapa, maana dimbwi lisilo na paa hutembelewa na ndege, na ndege hawaji peke yao.

Kwamba samaki hubeba minyoo inayokomaa ndani ya mnyama mwingine kulithibitishwa mwanzoni mwa miaka ya 1880 katika mji wa Dorpat, ambao leo huitwa Tartu, nchini Estonia. Huko Max Braun aliwachukua lava aliowakuta katika nyama ya samaki, akawalisha mbwa, kisha wanafunzi watatu wa udaktari waliojitolea, na baada ya wiki kadhaa wanafunzi hao walikuwa na tegu wa samaki, mnyoo bapa anayeweza kufikia urefu wa meta 10. Jaribio hilo lilithibitisha dhana ya mwenyeji wa kati, yaani mnyama anayemhifadhi kimelea akiwa bado mchanga mpaka aliwe na mnyama ambamo kimelea huyo atakomaa na kutaga mayai. Mwaka 1917, nchini Uswisi, Constantin von Janicki na Felix Rosen waliongeza kiungo kilichokosekana katika mnyororo huo walipoonyesha kwamba samaki naye humpata tegu kwa kula kopepodi, kijidudu cha majini cha jamii ya kamba. Kila aliyesoma kazi hizo angeweza kuuliza ni nini kinachoingia ndani ya nyoka pamoja na samaki hai. Wafugaji hawakuuliza, labda kwa sababu nyoka aliyekufa kizimbani alikuwa bei rahisi kumbadilisha.

Swali lilijiuliza lenyewe mwaka 1976, ilipochapishwa taarifa ya kisayansi kuhusu nyoka wa Thamnophis waliokufa kwa sababu ya lava wa Eustrongylides. Huyu ni mnyoo mviringo ambaye akikomaa huishi katika tumbo la ndege wa majini kama korongo. Mayai yake hutoka na kinyesi cha ndege, huliwa na vijinyoo vya matopeni, na vijinyoo hivyo huliwa na samaki. Mtu akimpasua samaki mwenye lava hao huwaona kwa macho matupu, wekundu kama uzi uliochovywa katika damu, wamejikunja katika tumbo au chini ya ngozi, na mmoja akinyooshwa huweza kuwa mrefu kuliko samaki mdogo aliyembeba. Ndani ya nyoka, ambaye si mwenyeji wake wa mwisho, lava hatulii bali hutoboa ukuta wa utumbo na kutangatanga mwilini. Binadamu naye hakusalimika: mwaka 1982 madaktari wa Maryland waliripoti habari za wavuvi waliomeza wakiwa hai samaki wadogo wa chambo, wakapatwa na maumivu makali ya tumbo, na upasuaji ukaonyesha minyoo hao wakiwa wametoboa matumbo. Wanafunzi wa Marekani walioanzisha mwaka 1939, kutoka Harvard, mchezo wa kumeza samaki wa dhahabu walikuwa na bahati kuliko walivyojua.

Dawa ilitoka Uholanzi. Katika miaka ya 1950 madaktari wa huko walikutana na wagonjwa wenye uvimbe wa ghafla wa utumbo, na P. H. van Thiel na wenzake wakaonyesha mwaka 1960 kwamba chanzo kilikuwa Anisakis, mnyoo wa heringi, samaki ambaye Waholanzi humla akiwa na chumvi kidogo tu na bila kupikwa. Mwaka 1968 serikali ikaagiza kwamba heringi wa kuliwa hivyo wagandishwe kwanza kwa nyuzi −20 za selsiasi kwa muda usiopungua saa 24, na ugonjwa ukapungua upesi. Marekani baadaye ilishauri siku 7 kwa baridi hiyohiyo kwa samaki wa kuliwa mbichi, nacho ndicho kipimo ambacho wafugaji wa nyoka walikiazima; ni busara kukirefusha, kwa kuwa friza ya nyumbani hufunguliwa mara kwa mara na baridi yake hupanda na kushuka.

Samaki aliyegandishwa hachezi, na hapo imani ya kale ya kujongea ingeweza kukwamisha kila kitu. Ilivunjwa na Gordon Burghardt, ambaye katika miaka ya 1960 aliwapa nyoka waliozaliwa karibuni, wasiowahi kula chochote, vijiti vyenye pamba nchani iliyoloweshwa maji ya samaki au ya nyungunyungu, nao wakatoa ulimi mara nyingi, kisha wakaivamia pamba kana kwamba ni windo. Harufu, inayokusanywa na ulimi na kupelekwa kwenye kiungo cha Jacobson kilicho katika kaakaa, ilitosha.

Hata hivyo barafu humwua mnyoo bila kumgusa adui mwingine. Mwaka 1932, katika shamba la Chastek huko Minnesota, mbweha waliolishwa samaki mbichi walipooza na kufa, na uchunguzi wa miaka iliyofuata ukagundua thiaminasi, kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, ambacho kimo katika samaki wa dhahabu na jamaa zake wengi. Kugandisha hakukiharibu, bali chenyewe huendelea na kazi yake polepole ndani ya friza, na nyoka aliyelishwa hivyo kwa miezi hutetemeka, hupinda shingo na kushindwa kujigeuza akilazwa chali. Kwa hiyo wafugaji waangalifu huchagua samaki wasio na kimeng'enya hicho, au humchemsha samaki kwa nyuzi 80 kwa dakika 5, kisha hurudisha vitamini kwa unga wa kunyunyiza.

Wapo pia ambao hawakuacha kulisha samaki hai. Hao hufuga gapi ndani ya nyumba, kizazi baada ya kizazi, katika matangi yasiyofikiwa na ndege wala tope la dimbwi, na bila kuongeza samaki wa dukani. Mnyororo wa vimelea hukatika hapo, nje ya kioo.