Vyombo vya udongo vilivyobeba majonzi ya Wagiriki wa kale

KATIKA mji wa Athens zamani za kale, mfinyanzi alikuwa na nafasi yake msibani. Makaburi mashuhuri ya mji huo yalikuwa Kerameikos, mtaa uliopata jina lake kutokana na ufinyanzi.

Huko ndiko ulikopatikana mtungi uliofinyangwa kati ya mwaka wa 760 na 750 Kabla ya Kristo (K.K.), ambao umehifadhiwa katika Makavazi ya Kitaifa ya Akiolojia mjini Athens. Mtungi huo wenye kimo cha zaidi ya mita 1.5 ulisimamishwa juu ya kaburi la mwanamke. Umechorwa marehemu akiwa amelazwa kitandani, huku waombolezaji wakishika vichwa kwa mikono yote miwili. Baadhi ya mitungi ya aina hiyo ilitobolewa kitako ili kinywaji cha tambiko kipenye hadi kaburini.

Wanawake wa jamaa ndio walioosha maiti, wakaipaka mafuta na kuivika nguo kabla ya kulazwa nyumbani ili ililiwe. Katika michoro ya baadaye, wanaume huinua mkono mmoja kumuaga marehemu, ilhali wanawake hujing'oa nywele.

Vilio hivyo havikuachwa bila mipaka. Sheria zinazohusishwa na Solon, aliyeongoza Athens mwaka wa 594 K.K., ziliwakataza wanawake kujikwaruza usoni. Aidha, ziliagiza marehemu atolewe nyumbani kabla ya macheo, siku moja baada ya kulazwa. Wanawake wasiokuwa wa jamaa ya karibu hawakuruhusiwa kuandamana na jeneza ila wawe wametimu umri wa miaka 60.

Kufikia karne ya tano K.K., chombo kilichopendwa zaidi makaburini kilikuwa lekitho, chupa nyembamba ya mafuta iliyopakwa rangi nyeupe. Rangi zake zilibanduka upesi, hivyo haikufaa kwa matumizi ya kila siku. Picha zake ni za utulivu: mwanamke akileta kikapu cha utepe kaburini, au Charon, mvushaji wa wafu, akingoja na mashua yake. Baadhi ya lekitho zilifichwa kikombe kidogo ndani ya shingo, hivi kwamba mafuta kidogo tu yalitosha kuifanya chupa ionekane imejaa. Hata mwenye uwezo mdogo aliweza kutoa heshima inayostahili.

Kwa waliofariki kabla ya kuoa au kuolewa, chombo maalum kilikuwa lutroforo, mtungi mrefu wa kutekea maji ya kuogea siku ya harusi. Jamaa waliuweka kaburini, na kwa njia hiyo marehemu akapewa mtungi wa arusi ambayo hakuwahi kuifikia.