Debian (mradi wa programu huria)

Debian ni mfumo endeshi wa kompyuta, na pia ni jumuiya ya watu wanaoutengeneza kwa kujitolea. Ilitangazwa tarehe 16 Agosti 1993 na Ian Murdock, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue katika jimbo la Indiana, Marekani. Mfumo huo hutumia kiini cha Linux pamoja na zana za mradi wa GNU. Toleo lake la 13, liitwalo Trixie, lilitoka tarehe 9 Agosti 2025 likiwa na vifurushi vya programu vinavyokaribia 70,000. Hakuna kampuni inayoimiliki Debian. Haina mkurugenzi wala watumishi wa kudumu, na wanachama wake, wapatao elfu moja, wametawanyika katika nchi nyingi. Miongoni mwa miradi ya programu huria, Debian inajulikana hasa kwa kuiandikia kazi ya kujitolea sheria zake: nani aamue, nani akubaliwe, mizozo imalizweje, na asiyelipwa anadaiwa nini.

Asili

Harakati ya programu huria ilikuwa imekwisha kupata umri wa miaka kumi Debian ilipozaliwa. Mwaka 1983 Richard Stallman, aliyekuwa mtafiti katika chuo cha MIT, alitangaza mradi wa GNU, na mwaka 1985 akaanzisha Free Software Foundation. Msimamo wake ulikuwa kwamba kila mtumiaji ana haki ya kuiendesha programu kwa kusudi lolote, kuichunguza na kuibadilisha, kuisambaza, na kusambaza pia mabadiliko aliyoyafanya. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi huko Helsinki, Finland, alitoa kiini cha Linux. Sehemu zote muhimu za mfumo kamili zikawa zimepatikana, lakini kuziunganisha kulimshinda mtumiaji wa kawaida, na mikusanyo iliyokuwapo, kama ule ulioitwa SLS, ilisifika kwa kasoro zake.

Murdock aliona kwamba kasoro hizo zilitokana na namna kazi ilivyofanywa: mtu mmoja au wachache walijifungia nayo, kisha wakaitoa bila kuitunza. Katika ilani aliyoitoa Januari 1994 alipendekeza mkusanyo utengenezwe hadharani, kila sehemu iwe na mtunzaji wake, na yeyote mwenye ujuzi akaribishwe. Jina la mradi aliliunda kwa kuunganisha jina la mchumba wake, Debra, na lake mwenyewe, Ian. Free Software Foundation iliufadhili mradi kuanzia Novemba 1994 hadi Novemba 1995, kisha kila upande ukashika njia yake. Mwaka 1996 uongozi ulimfikia Bruce Perens, mhandisi wa studio ya filamu ya Pixar. Ndiyo maana matoleo yote ya Debian, tangu Buzz la Juni 1996, hupewa majina ya wahusika wa filamu ya Toy Story. Murdock alifariki tarehe 28 Desemba 2015.

Mkataba wa Kijamii

Julai 1997 wanachama waliupitisha Mkataba wa Kijamii, ahadi ya mradi kwa watumiaji wake na kwa jumuiya nzima ya programu huria. Ahadi kuu ni kwamba mfumo wa Debian utabaki huria, kwamba kazi ya wanachama itarudishwa kwa jumuiya, kwamba kasoro hazitafichwa, na kwamba maslahi ya watumiaji na ya programu huria yatatangulizwa. Mkataba huo uliambatana na mwongozo wa kupima kama leseni fulani inastahili kuitwa huria. Mwaka 1998 mwongozo huo ulifanyiwa marekebisho madogo, ukawa ndio msingi wa tafsiri rasmi ya chanzo huria inayosimamiwa na Open Source Initiative, na hivyo ukatumika mbali nje ya Debian.

Ahadi ya kutoficha kasoro inaonekana katika kazi ya kila siku. Daftari la hitilafu liko wazi: mtumiaji yeyote anaweza kuripoti tatizo kwa barua pepe, na kila mtu anaweza kusoma ripoti hiyo pamoja na majibu ya mtunzaji. Kwa watu wengi, ripoti ya hitilafu iliyoandikwa vizuri ndiyo mchango wao wa kwanza kwa mradi.

Katiba na uchaguzi

Katiba ya Debian iliridhiwa Desemba 1998. Karibu na mwanzo wake kuna kanuni ambayo katiba za vyama vingi hazina: hakuna kipengele kinachomlazimu mtu yeyote kuufanyia mradi kazi. Aliyepewa jukumu na hataki kulitekeleza anaweza kuliacha. Asichoruhusiwa ni kuhujumu maamuzi yaliyofikiwa kwa utaratibu. Tofauti na msaragambo wa kijiji, ambako asiyetokea na jembe lake huweza kutozwa faini, hapa asiyetokea hana kosa.

Muundo mzima wa mamlaka unatokana na kanuni hiyo. Kwa kuwa hakuna anayeweza kuamrishwa, anayeifanya kazi ndiye anayeamua kuhusu kazi hiyo, na mtunzaji wa kifurushi ndiye mwenye kauli ya mwisho juu ya kifurushi chake. Kamati ya Ufundi, yenye wajumbe wasiozidi wanane, inaweza kumpinga, lakini kwa wingi wa kura tatu kwa moja. Wanachama wote kwa pamoja wanaweza kutengua uamuzi wa mtu au chombo chochote kwa azimio la jumla.

Kiongozi wa mradi huchaguliwa kila mwaka. Huusemea mradi mbele ya umma, huteua wawakilishi wa kusimamia shughuli maalumu, huidhinisha matumizi ya fedha na husuluhisha, lakini hana uwezo wa kumwamuru mwanachama aandike hata mstari mmoja wa programu. Mpiga kura hupanga wagombea kwa kadiri anavyowapendelea, na hesabu hufuata mbinu ya Condorcet, ambayo humlinganisha kila mgombea na kila mwenzake. Karatasi ya kura huwa na chaguo jingine la kudumu: kuwakataa wote. Chaguo hilo likishinda, uchaguzi hurudiwa.

Uanachama

Kupiga kura na kuweka vifurushi moja kwa moja katika hazina ya mradi ni haki za wanachama. Kwa kuwa watu hawa wengi wao hawajawahi kuonana, uaminifu hujengwa kwa hatua. Mwombaji huhitaji mwanachama wa kumdhamini. Huwa na ufunguo wa kriptografia uliotiwa saini na wanachama waliomthibitisha kuwa ndiye, aghalabu kwa kukutana naye ana kwa ana na kukagua kitambulisho chake. Kisha msimamizi wa maombi humhoji kuhusu falsafa ya programu huria, taratibu za mradi na ufundi wenyewe. Anayetaka kutunza vifurushi vichache tu anaweza, tangu 2007, kupewa ruhusa ndogo inayovihusu hivyo peke yake.

Kwa miaka mingi mlango ulikuwa wa watengeneza vifurushi. Kura ya mwaka 2010 iliwakaribisha kama wanachama kamili watafsiri, waandishi wa miongozo, wachoraji, waandaaji wa mikutano na wengine ambao kazi yao haikuwa ya kuandika programu. Kundi la Debian Women, lililoanzishwa 2004, lilifanya kazi ya kuwavutia na kuwalea wanawake katika mradi uliokuwa wa wanaume karibu pekee. Mwaka 2014 wanachama walipitisha kanuni za mwenendo.

Uanachama ni wa mtu binafsi. Wapo wanachama ambao waajiri wao huwalipa ili watunze sehemu za Debian, lakini kampuni haina kura wala kiti.

Kazi ya kila siku

Kifurushi kipya huingia kwanza katika tawi la majaribio ya mwanzo, ambalo daima huitwa Sid. Kikikaa siku chache bila hitilafu kubwa, huhamia tawi la pili, linaloandaliwa kuwa toleo lijalo. Kila baada ya miaka miwili hivi tawi hilo hugandishwa, hitilafu zilizobaki hurekebishwa, na toleo thabiti hutolewa.

Mradi usioweza kumlazimisha mtu huhitaji njia ya kuendelea anaponyamaza. Mtunzaji aliyechoka anaweza kutangaza kwamba kifurushi chake ni yatima, na mwingine akakichukua. Mwanachama yeyote anaweza kurekebisha hitilafu nzito katika kifurushi cha mwenzake kwa kufuata utaratibu uliowekwa. Liko pia kundi linalowafuatilia watunzaji waliopotea: huwaandikia kuwauliza hali, na wasipojibu huviachilia vifurushi vyao. Hakuna adhabu katika hatua hizo.

Fedha

Michango hupokelewa na taasisi zisizo za kibiashara kwa niaba ya mradi, ikiwemo Software in the Public Interest, iliyosajiliwa Marekani mwaka 1997. Fedha hutumika kwa seva, vifaa, nauli na mikutano. Kulipia kazi yenyewe ni suala lililowahi kuwagawa wanachama. Mwaka 2006 mpango ulioitwa Dunc-Tank ulikusanya fedha ili kuwalipa wasimamizi wa matoleo waweze kulimaliza toleo la Etch kwa wakati. Baadhi ya wanachama waliona si haki wachache walipwe kwa kazi ambayo wengine waliifanya bure, na wengine wakapunguza juhudi zao. Toleo lililotarajiwa Desemba 2006 lilitoka Aprili 2007. Matengenezo ya muda mrefu ya matoleo ya zamani, yaliyoanza 2014, hulipiwa na kampuni zinazoyahitaji kupitia mkandarasi aliye nje ya mradi.

Mizozo

Mzozo mkubwa kuliko yote ulihusu systemd, programu inayoanzisha huduma za mfumo kompyuta inapowashwa. Februari 2014 Kamati ya Ufundi iligawanyika sawasawa, na kura ya uamuzi ya mwenyekiti ikaipitisha systemd. Ubishi uliendelea mwaka mzima, baadhi ya wanachama wa siku nyingi wakajiuzulu, na Novemba mwaka huo waliopinga wakatangaza mradi wao, Devuan. Waliojitenga hawakuhitaji ruhusa ya mtu: leseni za programu huria humruhusu yeyote kuichukua kazi yote na kuiendeleza kivyake.

Mwaka 2021, Stallman aliporejea katika bodi ya Free Software Foundation na kuzua mabishano, wanachama waliletewa mapendekezo ya kumpinga na ya kumuunga mkono. Chaguo lililoshinda ni kwamba mradi usitoe tamko lolote. Mwaka 2022 kura nyingine iliruhusu kisakinishi rasmi kibebe programu ndogo zisizo huria zinazohitajika na vifaa kama kadi za WiFi, na Mkataba wa Kijamii ukarekebishwa kulingana na uamuzi huo. Walioshinda walisema kwamba mtumiaji asiyeweza kuusakinisha mfumo hapati faida ya uhuru wake.

Usalama

Kuwa wazi peke yake hakuzuii makosa. Mwaka 2006 mtunzaji wa Debian aliondoa mistari michache katika programu ya OpenSSL, akiamini kuiondoa hakutaleta madhara makubwa. Mistari hiyo ndiyo iliyochangia ubahatishaji unaohitajika kuunda funguo za siri. Kosa liligunduliwa Mei 2008: kwa kila aina na urefu wa ufunguo, funguo zilizoweza kuundwa zilikuwa 32,767 tu, na watumiaji walilazimika kubadilisha zao. Mradi ulitangaza tatizo na kusambaza zana za kutambua funguo dhaifu.

Machi 2024 mhandisi Andres Freund aliona kwamba kuingia kwa mbali katika kompyuta yenye tawi la Sid kulichelewa kwa takriban nusu sekunde. Uchunguzi wake ulifichua mlango wa siri katika xz, programu ya kubana mafaili iliyokuwa ikitunzwa na mtu mmoja asiyelipwa. Aliyeuweka mlango huo alitumia zaidi ya miaka miwili kujipatia imani kwa kujitolea kumsaidia mtunzaji aliyeelemewa. Toleo thabiti la Debian halikuathirika. Tukio hilo lilionyesha kwamba uchovu wa wanaojitolea ni suala la usalama kwa yeyote anayetegemea kazi yao.

Mikutano

Mkutano wa mwaka, DebConf, ulifanyika mara ya kwanza 2000 mjini Bordeaux, Ufaransa, na huhama kutoka nchi hadi nchi. Mwaka 2016 ulifika Afrika kwa mara ya kwanza, Cape Town, Afrika Kusini. Huandaliwa na wenyeji wanaojitolea, na mradi huwalipia nauli baadhi ya wasio na uwezo. Mbali na mihadhara, huko ndiko wengi hutiana saini za funguo.

Athari

Debian ni msingi wa mifumo mingine mingi. Ubuntu ilianzishwa 2004 na Mark Shuttleworth, mfanyabiashara wa Afrika Kusini aliyekuwa mwanachama wa Debian katika miaka ya 1990, na kampuni yake huajiri watu wa kuitengeneza. Raspberry Pi OS ya kompyuta ndogo, Tails inayolinda faragha na Kali ya wachunguzi wa usalama pia zimejengwa juu yake. Mifumo hiyo hailazimiki kuilipa Debian chochote, lakini marekebisho yanayofanywa kwingine na kurudishwa hupunguza kazi ya kila mmoja, na hilo limezifanya hata kampuni zinazoshindana kuwaruhusu wahandisi wao kufanya kazi ndani ya mradi, chini ya katiba ambayo hazina kura ya kuibadilisha.